Mayai ya Mwisho ya Jogoo wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Saa moja asubuhi. Joto 37.6. Maji nimejaza sahanini. Mayai thelathini na manne nimeyapanga ndani ya couveuse, msalaba wa penseli juu, duara chini, ili nijue lipi limegeuzwa na lipi bado. Couveuse yangu ni friji bovu lenye balbu nne. Fundi alinitengenezea miaka miwili iliyopita, umeme ulipofika huku kwetu nyuma ya uwanja wa ndege wa Rughenda, hapa Butembo. Tangu hapo naangulia watu vifaranga. Ndiyo kazi yangu.

Safari hii si mayai ya kazi. Ni ya jogoo wa mama. Pikipiki ilimgonga Jumamosi mbele ya lango, na dereva hata hakusimama. Jogoo wa shingo wazi, wa uzao ule ule mama aliokimbia nao kutoka Kamango, jogoo mmoja na majike watatu ndani ya kitunga, nyumba ikiwaka nyuma yake. Sufuria aliacha. Nguo aliacha. Sasa mama amekufa na jogoo amekufa. Majike ninao watano. Nikileta jogoo wa mtu mwingine, uzao utachanganyika na basi, umekwisha. Jogoo mwingine wa damu hii hayupo popote, labda ndani ya mayai haya.

Mchana nimeenda kioski kununua umeme. Karatasi mpya dirishani. Bei imepanda tena, mara ya pili tangu Noeli. Kile kilichokuwa kinanitosha wiki nzima sasa kinaisha siku ya tatu. Msichana wa kioski hakunitazama usoni. Nimenunua. Ningefanya nini? Siku ishirini na moja, balbu hazina ruhusa ya kuzimika.

Nimerudi nikitukana njia nzima, peke yangu, kama kichaa. Daftari hili ni la kuandika joto. Kurasa za nyuma ni tupu. Matusi yangu yatakaa huko.

Jumanne, 5 Machi

37.5. Nimegeuza mara tatu.

Nimeenda ofisi ya umeme. Muhindo ndiye mkuu wa pale. Pia ni jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa miti tu. Na ni mzee wa kanisa letu. Mtu wa kila mahali.

Ukutani picha yangu bado ipo. Mimi na vifaranga mikononi, nacheka, meno yote nje. Waliipiga siku umeme ulipowashwa. Siku ile Muhindo aliwaambia wanawake wa mtaa walete mbabula zao, yale majiko ya bati, waage makaa. Tulileta. Tulizitupa kwenye lundo mbele ya ofisi, gari la kampuni likapita juu yake, bati likalia kacha kacha, tukapiga vigelegele. Mimi nilitupa mbili. Mbili! Moja ilikuwa ya mama.

Sasa makaa nayo yamepanda, maana yanatoka upande wa Beni na porini kule watu wanauawa. Mbabula hatuna. Ametuvua kwanza, halafu ndiyo akaanza kutupiga.

Nimemuuliza kwa nini. Amejibu akichezea kalamu: «Mama Masika, mi njo naweka bei? Bei iko natoka kule juu. Mi hapana.» Kisha akaniambia nisimame kando, kuna watu nyuma yangu.

Nilitaka kuing'oa ile picha. Sikuing'oa. Namchukia kwa hilo pia.

Alhamisi, 7 Machi

37.6. Mtaa mzima unazungumza kitu kimoja. Kwenye bomba la maji, kwa mshonaji, kwenye mlango wa kanisa. Mwenye saluni amerudia kusuka tu, kukausha nywele ameacha. Mshonaji ameshusha cherehani ya kukanyaga kutoka darini. Wanawake wameshika neno: kesho, siku ya wanawake, hatutaandamana na maua. Kila mmoja ang'oe compteur yake, ile mita ya umeme, ukutani, aibebe, tuzirudishe zote ofisini, lundo kwa lundo.

Wazo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Na mimi siwezi. Nikiing'oa yangu, mayai yanakufa siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 8 Machi

37.6.

Tumetembea. Vitenge sare, nyimbo, jua. Wanawake mia na zaidi, kila mmoja na compteur yake mkononi au kichwani, nyingine bado zina mabaki ya saruji. Walizitupa mlangoni pa ofisi. Muhindo alifunga dirisha. Nilimwona mkono.

Mimi mikono mitupu.

Mmoja akaita mbele ya wote: «We, mama wa foto! Ya kwako iko wapi?» Wengine wakacheka. Nimewaambia habari ya mayai. Mayai! Walicheka zaidi. Mama wa foto. Hilo ndilo jina langu sasa.

Sikuwakasirikia. Nimemkasirikia yeye. Yeye ndiye aliyenitundika ukutani. Nimerudi nyumbani, nimevua kitenge, nimegeuza mayai. Muhindo, utanilipa. Sijui kwa nini hasa nikianza kuhesabu, lakini utanilipa.

Jumatatu, 11 Machi

37.4. Siku ya saba. Nimefunga madirisha, nimejifunika blanketi, nimemulika mayai kwa tochi moja moja. Tisa ni matupu, maji tu. Ishirini na tano yana mishipa. Myembamba, myekundu, na katikati kitu kidogo kinachoruka. Nimelia ndani ya blanketi. Watoto wa jogoo wa mama.

Wanawake bado hawanisalimii. Nikifika bombani wanaongea Kinande polepole, kana kwamba mimi Kinande sijui.

Nyumba nyingine zote zimerudia mafiga. Mawe matatu uani, kuni za mikaratusi. Moshi asubuhi hadi jioni. Balbu zangu nne ndizo pekee zinazowaka upande huu wa barabara. Hapana. Zangu na za Muhindo.

Alhamisi, 14 Machi

37.6. Leo nina furaha mbaya.

Nimepeleka beseni kwa Mama Neema, mke wa Muhindo. Mwanamke mpole, hana makosa ila kuolewa. Alikuwa ndani anapiga pasi. Réchaud mbili za umeme zinawaka, maharage juu ya moja, maji ya kuoga juu ya nyingine. Saa nne asubuhi! Nani katika Butembo hii bado anapika maharage kwa umeme?

Nikazunguka nyuma kuacha beseni karibu na pipa la maji. Na nyuma ya pipa, waya. Mnene, mweusi, umeshuka moja kwa moja kutoka nguzoni, umeingia chini ya bati. Compteur iko upande wa pili wa nyumba. Waya huu hauijui kabisa.

Nimesimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Kisha nikaaga vizuri. Nimeuliza hata hali ya mtoto.

Nimekushika, baba.

Jumapili, 17 Machi

37.5. Muhindo amesoma matangazo ya kanisa. Tai nyekundu, sauti ya asali. Ameomba Mungu awape watu wa Butembo moyo wa uvumilivu. Nimesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Akageuka kunitazama. Nikatabasamu.

Kuwa na siri ya mtu unayemchukia ni kama kuwa na nyama chunguni. Unajua ipo. Unaenda kuifunua, unanusa, unafunika tena.

Jumatano kuna mkutano kwa chef wa mtaa, mambo ya bei. Nitasema hapo. Nimefikiria kusubiri mpaka tarehe 25, vifaranga vitoke kwanza. Busara ingekuwa hiyo. Sitaki. Nataka niwaone wanawake wale wale waliocheka, wakiwa wote pale, na yeye akiwa mbele yao na tai yake.

Jumatano, 20 Machi

37.6. Nimefanya.

Chef alikuwa anaongea, uvumilivu, mazungumzo, barua. Muhindo kando yake, miguu imepishana. Nikasimama. «Chef, mbele tuseme mambo ya bei, twende kwanza tuangalie nyuma ya pipa ya mayi ya Papa Neema.»

Kisha vijana wakaondoka mbio. Kisha watu wote. Pipa likasukumwa, maji yakamwagika, na ule waya ukawa pale juani kama nyoka aliyekosa shimo. Watu walipiga kelele nadhani zilisikika mpaka Vuhovi. Muhindo alikuwa anafungua tai, anaifunga, anaifungua.

Mama Neema alisimama mlangoni amemshika mtoto. Sikumtazama sana.

Wanawake wamenibeba. Kweli, miguu haikugusa chini. Aliyeniita mama wa foto amenipa kitenge chake kipya. Nimekula kwa watu watatu. Utamu wa leo sijawahi kuuonja. Waniambie dhambi, sijali.

Alhamisi, 21 Machi

Saa tatu: 37.6. Saa sita: 36. Saa kumi: 34.

Magari mawili ya kampuni yamekuja saa tatu na nusu. Hawakuja kwa Muhindo tu. Wamefunga cabine ya umeme yenyewe, ile inayolisha mtaa mzima. Fundi wao alisema kwa kipaza sauti: ukaguzi wa wizi nyumba hadi nyumba, umeme hautarudi mpaka wamalize. Siku ngapi? Hajui.

Watu wamecheka. Wakate tu, nani ana compteur? Wameendelea kupika kwenye mafiga yao. Mtaa mzima hakuna aliyepoteza kitu.

Ila mimi. Siku ya kumi na saba.

Mimi ndiye niliyewaita. Kwa mdomo wangu. Nimekaa chini mbele ya friji nikilitazama kama linaweza kunijibu.

Ijumaa, 22 Machi

31 asubuhi. Nimekesha nabadilisha chupa za maji ya moto, nimechemsha kwa kuni za kuomba, jiko lenyewe mawe ya kuokota. Mbabula moja tu chini ya friji ingetosha. Moja! Nilitupa mbili na nikapiga vigelegele.

Nimejaribu majike wangu. Nimemfunika mmoja na kitunga juu ya mayai. Amesimama wima kama askari, amekanyaga moja, limevunjika. Kifaranga ndani kilikuwa na manyoya tayari. Shingo haina.

Najua kwa nini hakai. Miaka miwili, kila jike aliyetaka kulalia nimemtumbukiza kwenye maji baridi, mara tatu kwa siku, mpaka hamu iishe na arudie kutaga. Ndivyo wenye couveuse tunavyofanya. Kuku anayelala ni kuku asiyetaga. Nimewasahaulisha kazi yao. Na mtaani nani ana kuku anayelalia? Hakuna. Kwa nini wangoje, wakati vifaranga vinatoka kwa Masika? Nimewazoesha mimi. Nimepita nyumba kwa nyumba mpaka barabara kubwa. Hakuna.

Wapo wawili tu. Nawasikia tangu juzi kupitia ua, wanalia ile sauti nzito ya kuku aliyeshikwa na hamu ya kulalia. Wa Mama Neema.

Heri nife.

Jumamosi, 23 Machi

29. Nimeweka mayai sikioni moja moja. Matano yamenyamaza kabisa. Kumi na tisa, kwa mbali, bado yanakwaruza.

Saa tatu nimevuka. Sikuandaa maneno. Mama Neema alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza, macho mekundu, hajazoea. Waya wao wamekata vilevile. Muhindo kwenye kiti cha plastiki, fulana, ndevu hazijanyolewa. Kazini amesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Nilikuwa nimeota kumwona hivyo. Sikupata muda wa kufurahia.

Nimesema nina mayai yanayokufa.

Mama Neema ameinuka hapo hapo. «Iko ngapi?»

«Kumi na kenda.»

«Leta mbio. Kuku beko nalala bule, nilikuwa nangoya mayai ya mama yangu ku Vuhovi.»

Muhindo hakugeuza kichwa. Alisema kwa mawe ya jiko, si kwangu: «Kawaida anaijua. Mwenye kuku anatwaa nusu, na njo anachagula wa kwanza.»

Ni kweli. Ndiyo desturi, tangu bibi zetu. Aliyetoa kuku ndiye aliyeumia, kuku wake amekonda wiki tatu. Huyu hakuumia hata siku tano. Lakini desturi haihesabu siku.

Nimesema ndiyo. Ndiyo! Kwa mtu huyo. Kumi chini ya kuku mmoja, tisa chini ya mwingine. Waliyavuta wenyewe kwa midomo, wakayafunika, wakanyamaza. Nimerudi upande wangu, nimeketi kwenye kuni, nimejipiga paja mpaka likawa jekundu.

Jumatano, 27 Machi

Saba. Wamechelewa siku mbili lakini vifaranga saba wamo hai. Mama Neema ameniita uani, akanionyesha akiwa amewaweka kwenye kitenge. Shingo wazi, wote, nyekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Nimesema asante.

Jioni umeme umerudi. Bei ile ile. Balbu zangu zimewaka zenyewe, friji tupu, 37.6, joto zuri kabisa la kuangulia hewa.

Jumamosi, 11 Mei

Leo tumegawana. Mwewe alichukua mmoja mwezi uliopita, wamebaki sita. Vilemba vimeanza kuonekana. Watano majike. Jogoo mmoja. Hata kipofu angemjua, kifua mbele, kilemba kama damu.

Watatu wao, watatu wangu. Niliomba Mama Neema ndiye achague. Muhindo akatoka ndani. Alichuchumaa, akawatazama wote taratibu, kama mtu aliyeko sokoni na hana haraka. Nilijua. Akanyoosha mkono.

«Huyu.»

Alimwinua jogoo mpaka usawa wa uso wangu. Hakusema zaidi. Mtu akikuchoma kisu hasemi «nakuchoma».

Nimebeba majike wangu watatu. Nimefika nyumbani, nimechukua bisibisi, nimeing'oa compteur ukutani kwa mikono yangu mwenyewe. Sina tena yai la kuliogopea. Nimeipeleka ofisini, mkuu mpya hana hata ndevu, nikaiweka juu ya meza yake. Kisha nimepanda kiti cha wateja, nimeshusha picha yangu, nimetoka nayo. Hakuna aliyenizuia. Nimewashia moto leo. Imewaka vizuri, fremu ilikuwa kavu.

Jumapili, 15 Septemba

Muda mrefu sijaandika. Joto halipo la kuandika.

Jogoo anawika. Sauti ya yule wa mama, ile ile, inakatika mwishoni kama amesahau neno. Muhindo amemfunga mguu kwa kamba kwenye mpapai, hatua nne kutoka ua wangu. Angeweza kumfunga popote. Kila asubuhi ananiwikia mimi.

Juzi nilijishusha. Nilimtuma Mama Neema aombe jogoo siku moja tu, avuke. Jibu alilileta akiwa ameinamisha macho: «Anasema jogoo yake iko prépayé. Ulipe mbele, kama courant.»

Prépayé, kama umeme wa kioski! Nimecheka kwa hasira mpaka nikakohoa. Mtu hana kazi, anapikia kuni kama sisi, waya wake umeanikwa mbele ya mtaa mzima, na bado ni kampuni.

Bei ya umeme mtaani imepanda mara ya tatu. Inapanda kwa nani, sijui. Hakuna anayenunua. Nguzo zimesimama tu, ndege wanazitumia.

Jumanne, 17 Septemba

Jogoo amefungwa. Majike wangu hawakufungwa.

Nimekata tundu chini ya ua, nyuma ya mgomba. Upana wa kuku mmoja. Muhindo siku hizi anaondoka saa mbili kwenda Beni kutafuta watu wake wa juu, anarudi jioni. Saa mbili na nusu nimerusha punje za mahindi tatu nne upande wa pili. Wamepita mmoja mmoja, wazee kwa vijana, wananyoosha shingo zao wazi kama wanawake wanaoingia kanisani wakiwa wamechelewa.

Mama Neema alikuwa anafagia. Aliwaona. Amegeukia upande mwingine akaendelea kufagia.

Jumatano, 2 Oktoba

Sijamtumbukiza kuku majini tangu Machi. Mzee kuliko wote amekumbuka. Jana alikataa kutoka kiotani, nikimgusa anavimba na kuunguruma. Nimetoa balbu na waya kwenye friji, nimeng'oa mlango, nimejaza nyasi kavu. Asubuhi hii nimempa mayai kumi na mawili, yote ya waliovuka tundu. Msalaba na duara sikuandika. Anajua kugeuza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hasira imerudi yote, ya mwaka mzima.

Wamemsamehe Muhindo. Wamempeleka Beni, mkuu wa ofisi ya huko, kubwa kuliko ya hapa. Mwizi wa waya! Kule Beni kampuni inaanza wiki ijayo, bei hizi hizi, na watu wa kule wamezika kiasi gani mpaka wanaletewa na hili. Familia inahama Jumapili. Kesho wanalisha majirani chakula cha kuagana, na mimi nimealikwa. Mimi! Kwa jina.

Saa tisa Mama Neema amepita kwenye tundu la ua, kwa magoti, mwanamke mzima. Alinong'ona. «Anasema hapana atabeba jogoo ku Beni. Atamuchinja kesho, ukule nawe. Nimufiche?»

Nimemtazama yule mwanamke. Miezi saba ananisaidia. Nikimkubalia, atalipa yeye, si mimi.

«Acha amuchinje.»

Hakuelewa. Nimemshika mkono, nikampeleka kwenye friji. Alimwona kuku juu ya mayai, akaziba mdomo, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Tumecheka bila sauti mpaka tukakaa chini. Amesema wasingya, asante ya Kinande, na mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Jioni nimemwandikia mdogo wangu wa Beni. Nimemwambia mkuu mpya akifika, wamsalimie vizuri, wamsaidie kubeba pipa lake la maji, na wakague nyuma yake kila wiki. Nimeongeza chini: kabla hujasema neno mbele ya watu, uliza kwanza mtaani nani ana mayai kwenye couveuse.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi, siku ya kumi, nimemulika. Moja tupu. Kumi na moja yana mishipa.

Nimevaa kile kitenge cha mkutano. Nimevuka kwa mlango wa mbele kama mgeni. Watu wengi, wali, ndizi, maharage, sombe. Kamba iko bado kwenye mpapai, haina kitu. Kuku waliochinjwa ni watatu na mimi nilimjua wangu ndani ya bakuli bila kuonyeshwa.

Muhindo ana tai tena. Firigisi amekula yeye, kama ilivyo kawaida ya mwenye nyumba. Kisha amechukua kijiko mwenyewe, akanichagulia shingo, akaniwekea sahanini mbele ya wote. «Karibu, Mama Masika.» Aliketi mbele yangu kunitazama.

Nimekula shingo. Polepole, kila mfupa. Nyama ilikuwa laini, amekufa kijana. Moyoni nilimwambia jogoo asante. Nimeomba mchuzi kidogo tena, Mama Neema amenimiminia bila kuinua macho.

Saa tisa kasoro nimeaga. Nimewatakia Beni njema. Kuku wangu hushuka kwenye mayai saa tisa kunywa maji, na lazima mtu awepo kufukuza mbwa.